Vidonda vya Mdomo, Kipimo cha Malaria

Juzi nilikuwa kwenye benchi la maabara moja ya mtu binafsi hapa Nachingwea, chini ya bango lililoandikwa "Tunapima magonjwa yote". Mbele yangu alisimama mama mmoja kutoka Ruangwa, amejiziba mdomo kwa kanga. Alikuwa na vidonda mdomoni, na huko kwao aliambiwa huenda ni virusi, aje kupima huku.

"Nina mjukuu wa wiki mbili," alimwambia mpimaji. "Nataka kujua kama nitamwambukiza."

Mpimaji hata hakuutazama huo mdomo. Alimshika kidole, akakitoboa. Baada ya nusu saa akamkabidhi karatasi yenye muhuri.

"Huna malaria, mama. Taifodi pia huna."

"Na hivi vidonda?"

"Kipimo chake hatuna. Lakini majibu yako ni safi."

Kumbe magonjwa yote ni mawili. Kusema "hatuna" kabla ya kumtoboa mtu kidole, nadhani, kungewashushia hadhi.

Mama aliikunja karatasi, akarudisha kanga mdomoni, akaondoka. Katika jengo lile zima, aliyekuwa anamkinga yule mtoto ni yeye peke yake, na hakuwa na muhuri.