Mvinyo wa Pasheni wa Senge

Nilipoanza kuhudumu mezani katika hoteli moja ya Kitale, sikujua kwamba kinywaji kinaweza kubadilika kwa sababu ya chombo. Mama aliyekuwa mkuu wetu alinifundisha asubuhi moja, ukumbi ukiwa bado mtupu. Alimimina mvinyo mwekundu katika gilasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kisha kiasi kile kile katika gilasi ya maji iliyonyooka.

"Nusa kwanza," alisema. "Usiwe na haraka."

Katika gilasi ya maji nilipata ukali tu. Katika ile nyingine nilikuta zambarau zilizoiva, na nyuma yake mbao mpya zilizonyeshewa. Nilifumba macho, nikasahau niko kazini.

"Ile tumbo inakusanya harufu," alinieleza. "Kwa hii ya maji, inatoroka kabla hujaifikia."

Nilipopata likizo nilinunua gilasi mbili za aina ile, nikazifunga ndani ya sweta na kwenda nazo Bungoma, kwa shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita senge. Anaishi karibu na Mabanga. Huko ndiko alikojifunza, katika mafunzo ya wakulima, kutengeneza mvinyo wa pasheni. Mipasheni yake ilikuwa imetambaa kwenye ua wote mpaka juu ya paa la jikoni.

Nilimkuta amekata tamaa. Akina mama wa kikundi chake walikuwa wameuonja mvinyo wakakunja nyuso.

"Ati ni siki," aliniambia. "Kesho namwaga yote, bana."

"Walionja na chombo gani, Senge?"

"Si ni vikombe vya chai tu. Kwani kuna ingine?"

Mvua ya mchana ilikuwa imekatika. Mabati yalidondosha matone polepole, na mwanga wa manjano ukaingia mpaka mezani. Alikuwa na madumu mawili, moja la mavuno ya kwanza na moja la mavuno ya baadaye. Nilisuuza gilasi zangu kwa maji matupu, maana sabuni huacha harufu yake, nikammiminia kutoka dumu la kwanza, katika kikombe cha chai na katika gilasi, hii ya pili chini kidogo ya nusu.

"Unaninyima waini yangu mwenyewe?"

"Hiyo nafasi ni ya harufu, Senge. Shika hapa kwenye mguu, kisha uizungushe."

Alionja kwanza ule wa kikombe. Ulikuwa mchachu, na ulibeba harufu ya chai ya miaka mingi. Kisha akainamisha uso juu ya gilasi. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Maua," alisema hatimaye. "Si tunda. Ni maua yenyewe, asubuhi."

Akaanza kunisimulia jinsi marehemu mumewe alivyopanda mche wa kwanza, walipokuwa wamehamia hapo karibuni. Siku ulipochanua mume alimwita atoke nje bila viatu, wakasimama kwenye umande wakiwatazama nyuki. Sauti yake ilishuka, ikawa kama inatoka chumba kingine.

Baadaye tukajaribu dumu la pili. Katika kikombe sikuona tofauti kubwa na la kwanza. Katika gilasi, lilinipiga puani kama siki iliyochanganywa na rangi ya kucha.

Senge aliinua uso. "Hii imeharibika."

"Ndiyo, Senge."

"Na hii ndiyo niliwapea!" Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Maskini, wale wamama walisema ukweli."

Tulilimwaga dumu hilo mbali na mashina ya mipasheni. Jumamosi akawaita wenzake tena. Gilasi zilikuwa mbili tu, kwa hiyo zilipita mkono kwa mkono, Senge akizifuta midomo kwa kitambaa safi. Yule aliyelalamika zaidi mara ya kwanza alinusa kwanza. Alinywa taratibu, halafu akauliza kama zimebaki mbegu.

Mama mmoja mzee, mtu wa kanisa sana, alikataa kuonja.

"Mimi nimeokoka, sinywi. Lakini kunusa si dhambi."

Akapewa. Alinusa kuliko wote, macho ameyafumba, na wenzake walipomdai gilasi aliwainulia kiganja wangoje kidogo.