Mbu Waliokaa Bapa

Ukiwapanga foleni moja mbu wote waliokula mkono wa kushoto wa Mama Mkono, wa mbele angekuwa ameshafika mwezini na wa nyuma bado yuko nyumbani anapiga mswaki. Ndiyo iliyokuwa kazi yake pale taasisi ya utafiti wa viumbe. Asubuhi anaingia chumba cha mbu, chumba chenye joto kama kinywa cha mgonjwa, anapitisha mkono kwenye kizimba cha wavu, na mbu wanastaftahi. Yeye huku anawapigia soga.

Mbu wenyewe walikuwa safi, hawana ugonjwa wowote. Walitokana na mayai aliyookota mkurugenzi wa kwanza, marehemu Mzee Miwani, enzi za ujana wake, wakawa wanazaana humo humo ndani, kizazi kwa kizazi, hawajui jua, hawajui mtaro, na dawa hawajainusa hata siku moja. Na hapo ndipo ilipokuwa thamani yao. Kila chandarua chenye dawa kilicholetwa kupimwa, wao ndio waliotiwa ndani. Wakifa, chandarua ni kizuri, kigawiwe watu. Wakipona, kirudi kilikotoka. Walikuwa laini kama maini, na ulaini huo ndio uliolindwa kwa kufuli na milango miwili.

Sasa taasisi ikapanga sherehe. Ukoo wa mbu wa Mzee Miwani unatimiza miaka thelathini, jengo jipya limekwisha, na chumba kipya cha mbu kitaitwa kwa jina la Mama Mkono. Kibao kilikuwa tayari ukutani, kimefunikwa kitambaa cha bluu. Mama Mkono hakulala na habari hiyo. Alimwalika mkwe wake, mama mzazi wa mkaza mwana wake, mwanamke mrefu, msemaji, ambaye kila mwaka hupata kitu cha kumzidi mwenzake. Alikwisha kumwambia kwamba mbu wale wanamjua kwa sauti, kwamba akikohoa wanatulia kama darasa lililoona mwalimu mkuu. Mkwe akasema atakuja, ayaone kwa macho yake.

Akaja kweli, asubuhi ya siku moja kabla ya sherehe, na mabegi kama anahamia. Mama Mkono akatoa chandarua kipya kwenye mfuko wake, akakifunga juu ya kitanda cha mgeni, akakinyoosha, akakipapasa pande zote ili mkwe asione hata mkunjo. Kisha akatazama saa, akatoka mbio kwenda kazini, maana mbu walikuwa hawajala.

Mlangoni mwa chumba cha mbu pana sinki, na sheria ya sinki hilo aliifundisha yeye. Hakuna kuingia na manukato, hakuna kuingia na mkono ulioshika chandarua cha dawa mpaka uoshwe kwa sabuni na usuuzwe kwa maji mengi. Aliwahi kumrudisha profesa mzima mlangoni kwa sababu ya marashi, na kisa hicho alikisimulia mpaka kikaota ndevu. Siku hiyo yeye mwenyewe alilipita sinki kama hawajuani. Kichwa chake kilikuwa kwenye kibao.

Mbu wakamwendea kwa furaha. Haukupita muda, wakaanza kupepesuka kama walevi, mmoja akaanguka, wawili wakaanguka, kisha sakafu ya kizimba ikajaa miguu iliyoelekea juu. Mama Mkono akautazama mkono wake. Akakumbuka chandarua.

Kosa lenyewe lilikuwa na dawa. Pembeni palikuwa na bakuli la viluwiluwi, watoto wa hao hao waliokufa, na baada ya siku chache wangeota mabawa na ukoo ukaendelea. Kilichotakiwa ni kumwambia mtafiti, binti mmoja aliyeitwa Dokta Pole kwa sababu humwambia kila mbu pole kabla ya kumpima. Na Dokta Pole alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Lakini kumwambia ni kukubali kesho wageni wasimame mbele ya kizimba kitupu, na mkwe ainamishe shingo lake refu achungulie, aulize wako wapi hao wanaokujua kwa sauti. Uso ukamchoma kabla hata ya kuulizwa. Akawakusanya maiti kwenye kitambaa, akatia mfukoni. Akachukua mrija wa kunyonyea mbu, akaenda stoo ya ndoo nyuma ya jiko, na huko akavuta mbu wa mtaro waliojificha humo, mmoja mmoja, mpaka kizimba kikajaa.

Jioni mkwe alisifu nyumba, akasifu hata kitanda. Mkononi mwa Mama Mkono kijiko kilikuwa kizito.

Siku ya sherehe wageni walijaa chumbani mpaka mlangoni. Mkurugenzi alieleza habari za Mzee Miwani, za vyandarua vilivyopimwa, na mwishoni akamwomba Mama Mkono aonyeshe mbu wanavyolishwa. Mkwe akajisogeza mbele. Mama Mkono akajikaza kisabuni, akaingiza mkono.

Wa mtaroni hawana mazoea na mtu. Walizunguka, wakagonga wavu, na wachache tu wakatua, na walipotua wakakaa bapa. Mbu wa Mzee Miwani hainui kichwa akila, huinua mkia juu kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Hawa walilala sambamba na ngozi, tumbo chini. Mgeni asingejua. Dokta Pole aliinama, akatazama, akatazama tena. Kisha macho yake yakapanda polepole kutoka kwenye mkono mpaka usoni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hawa wa kwetu?"

"Wamewaogopa wageni tu."

Dokta Pole akainamisha macho. Akaona haya yeye, kwa niaba ya mwenzake, na hilo lilimwingia Mama Mkono kuliko kama angezabwa kofi. Mkurugenzi, ambaye hakusikia kitu, akakinyanyua kizimba akipeleke jengo jipya. Akawaambia wageni kwamba wiki ijayo mbu hao hao watapima vyandarua vya wodi ya wazazi. Mama Mkono akawaona kichwani mbu wa mtaro, waliozoea kila dawa ya mjini, wakitoka wazima ndani ya vyandarua vizuri, na vyandarua vikirudishwa, na watoto wachanga wakilala wazi.

"Mkurugenzi, kiweke chini," alisema. "Hao si ukoo wa Mzee Miwani. Nimewatoa stoo ya ndoo. Wetu niliwaua jana kwa mkono huu, nilitoka kufunga chandarua kipya na sikunawa."

Mkwe akanyoosha shingo.

"Chandarua gani, kile ninacholalia mimi?"

"Ndicho hicho, mkwe."

"Basi ni kizuri."

Watu wakaangua kicheko, na mkurugenzi naye akacheka, akakirudisha kizimba mezani. Kicheko hakikuwa na ubaya, ndiyo maana hakikuvumilika. Angegombezwa angepata pa kushika. Keki ikakatwa, soda zikagawiwa. Kitambaa cha bluu hakikuvutwa, na hakuna aliyesema kwa nini.

Dokta Pole aliwatia wale mbu wa mtaro kwenye friji wafe, akiwaambia pole. Mama Mkono akasimama nyuma yake, akasema amsamehe. Binti hakugeuka. Alisema mbu kufa si kitu, wangekufa tu, hata yeye amewahi kuwapika kwa kusahau hita. "Lakini nilikuwa hapo, mama. Mlango wazi."

Viluwiluwi wakaota mabawa. Asubuhi ya kuwalisha, Mama Mkono aliosha mkono kwa sabuni, akasuuza mpaka vidole vikajikunja kama zabibu kavu. Alipogeuka, Dokta Pole alikuwa mlangoni, amenyoosha kiganja, kama wanavyofanyiwa wageni wa kazi. Hakumtazama usoni. Mama Mkono akampa mkono wake, binti akaunusa, akaugeuza, akaunusa tena, kisha akampisha.

Ndani, mbu wa kwanza akatua palepale walipokuwa wakitua mama zake. Akainua mkia juu, akaanza kula. Mama Mkono hakumpigia soga. Aligeuzia uso ukutani mpaka mbu aliposhiba.