Mchumba wa Kiholanzi aliyeongea Kigiriki: yaliyotokea Jeddah

Wakuu, salamu kutoka Riyadh. Humu mimi huwa msomaji tu, naingia, nacheka, natoka. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kooni. Sitaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina peke yake.

Mimi ni dereva. Kila asubuhi napeleka mainjinia wawili site. Mmoja Mholanzi, tumwite Henk. Mwingine Mgiriki, tumwite Kosta.

Wao kwa wao wanaongea Kiingereza. Lakini wakipigiwa simu kutoka kwao kila mtu anarudi kwa lugha yake, na mimi niko pale mbele na masikio yangu.

Msidhani lugha za wazungu zinafanana. Kiholanzi kinakwaruza koo, ile "kh" ya Waarabu iko kila mahali, lakini ukitega sikio unashika maneno yanayokaribia Kiingereza. Kigiriki hushiki kitu. Kinakimbia, kina "th" na "dh" kama zetu za thamani na dhahabu, na maneno mengi yanaishia na "s".

Kuna neno moja lilinichanganya sana. Henk akikataa kitu anasema "nee". Kosta naye kwenye simu ni "ne, ne, ne" mfululizo. Nikajua huyu jamaa ni wa kukataa kila kitu.

Siku moja nikamuuliza kama nizime AC. Akajibu "ne", nikaiacha. Akaanza kupiga chafya huko nyuma. Kumbe kwa Kigiriki "ne" ni ndiyo! Henk alicheka mpaka machozi.

Sasa tuje kwa Naomi.

Naomi ni binti wa shangazi yangu. Anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja Al-Hamra, Jeddah. Si mtu wa mambo mengi. Jioni moja akanipigia, sauti iko juu.

"Baba Wanja, nimepata mtu. Anaitwa Mark, ni Mholanzi. Anataka kunioa."

Walijuana mtandaoni. Nikauliza kama wameonana kwa video. Akasema kamera ya Mark ni mbovu. Hapo tu nikaanza kumshuku, lakini nikamwacha aongee.

"Ananifundisha lugha yao," akaendelea. "Good morning ni kalimera. Ndiyo ni ne."

Wakuu, hebu ngojeni. Kalimera ndiyo salamu ya Kosta kila akiingia kwa gari.

"Rudia. Ndiyo ni nini?"

"Ni ne. Kwani vipi?"

Nilimwomba anitumie kitu chochote cha huyo Mark. Akanitumia voice note ya mama yake Mark, eti anamkaribisha Naomi kwenye familia. Sauti ya mama wa makamo, tamu kabisa. Nilisikiliza tena na tena nikitafuta ile "kh". Mafi. Haipo.

Kesho yake tukiwa kwenye foleni nikaicheza kwenye spika za gari. Henk akatikisa kichwa. "Hiyo si lugha yetu."

Kosta akaangua kicheko. "Ni yetu! Huyu mama anafundisha kupika. Anasema vitunguu vikatwe vidogo vidogo, halafu mafuta ya zeituni."

Kusema kweli, hata Kosta nilimshuku. Anapenda utani. Nikamwambia arudie sentensi kwa sentensi, akarudia: vitunguu, mafuta, chumvi, funika sufuria. Nilipomweleza voice note imetoka wapi, kicheko kikakatika. Akasema, "Mwambie huyo msichana asitoke nyumbani."

Nikampigia Naomi, na hapo ndipo nikajua mambo yamefika wapi. Madam alikuwa anaenda harusini Alhamisi. Naomi angechukua pasipoti na ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, atoke, na "wakala wa Mark" amngoje na gari mtaa wa Sharafiya.

Nikamweleza kila kitu. Akawaka.

"Mnaanza wivu! Nikikaa hapa kusugua vyoo hakuna anayenipigia kuuliza kama nimekula. Nikipata mtu wa maana ndiyo mnajua lugha zote?"

Iliniuma, kwa sababu sehemu ilikuwa kweli. Nikamwambia, "Sawa. Muulize jambo moja tu. Hapana kwa Kiholanzi ni nini?"

Akakata simu. Baada ya muda akanipigia tena. Sauti imeshuka.

"Amesema ni ohi."

"Mholanzi anasema nee, Naomi. Ohi ni Kigiriki."

Nikamsikia akilirudia neno lile peke yake.

"Baba Wanja," akasema polepole, "Rehema wa nyumba ya jirani, yule wa Mombasa, mchumba wake ni Mgiriki. Ameondoka wiki iliyopita kumfuata. Na mimi alinitumia voice note ya mama mkwe wake."

"Icheze."

Akaicheza kwa simu nyingine. Yule yule mama. Vile vile vitunguu.

Naomi alilia.

Naomi hakwenda. Alimweleza madam ukweli, na hilo lilihitaji moyo, maana angeweza kurudishwa siku hiyo hiyo. Madam alifoka, kisha akampigia jirani. Lakini kafili wa Rehema, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa ameshamripoti kwamba ametoroka. Simu ya Rehema ilikuwa mteja, haipatikani.

Tulikaa hivyo wiki kadhaa. Halafu Naomi akapata simu kwa namba ngeni. Ni Rehema, ananong'ona. Yuko Al-Mahjar, mtaa wa huko huko Jeddah, amefungiwa chumbani pamoja na wanawake wengine, wanapelekwa kufanya kazi nyumba hadi nyumba bila karatasi. Akataja msikiti na duka la karibu. Wakenya wa Jeddah wakapeleka habari ubalozini, na mwishowe akatolewa.

Sasa yuko kwenye makazi ya muda akingoja kurudi nyumbani. Nilipoongea naye nikamuuliza kwa nini aliingia kwenye gari la mtu asiyemjua.

Akaniambia, "Kaka, yule mtu hakuwa mzungu. Alikuwa wa kwetu. Alinisalimia kwa Kiswahili safi, akaniita dada. Nikaona niko salama."

Nimejifunza nini? Mtu akikwambia anatoka mahali fulani, tafuta mtu wa mahali hapo asikie sauti yake kabla hujafunga begi. Na pili, wapigieni simu dada zenu walio huku, hata kama hamna la kusema. Hawa watu waliingia pale ambapo sisi hatukuwepo.

Aliyemchukua Rehema hajakamatwa. Kama kuna dada yenu huku ana mchumba ambaye kamera yake haifanyi kazi, mleteni hapa tuongee. Mwenye swali au anayeona nimekosea mahali, uwanja ni wenu.