Bibi Mokami, Mgonjwa wa Alhamisi

Mimi sipendi watu wanaokwenda kwa daktari wakiwa wazima. Nasema mapema ili mjue kwamba mimi na bibi Mokami tulianza vibaya.

Nilikuwa nafagia kwa Mchina mmoja aliyepanga chumba Kemambo, huku Tarime, miaka ile ambayo kila mwenye nguvu alikuwa shimoni akitafuta dhahabu. Tulimwita Daktari Wang. Wagonjwa wakisema Kikurya au Kijaluo, mimi Gladys nilimgeuzia kwa Kiswahili chepesi. Wengi walikuwa wa vifua, maana vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, halichagui. Wang hakupima damu. Aliweka vidole vitatu kwenye mkono wa mtu, pale mshipa unapodunda, akanyamaza. Kisha mkono wa pili, akanyamaza tena. Halafu unatoa ulimi, anatazama rangi na utando wake. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakapanga foleni.

Mokami alikuja kila Alhamisi, na kila Alhamisi Wang aliniambia bibi huyu hana ugonjwa. Siku moja nikamuuliza Mokami kama anakuja kuposwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Tangu Gati aondoke, hakuna mtu aliyenishika mkono."

Gati alikuwa mke wake. Msishangae, Wakurya wana mila hiyo, wanaiita nyumba ntobhu. Mokami hakujaliwa mtoto, na mumewe alipofariki akatoa ng'ombe, akamwoa Gati ili azae na mji usife. Gati akazaa. Machimbo ya upande wa Serengeti yalipotema dhahabu, akambeba mtoto akaenda kuuza chakula huko. Alisema ni mwezi mmoja. Ukapita wa ishirini.

Hata hivyo sikuacha ukali wangu. Nilimwambia Mokami ni aibu mtu mzima kumtolea mwanamume mgeni ulimi mchafu hivyo. Alinisikiliza. Tangu siku ile alikuja ameukwangua kwa mswaki wa mti, mwekundu kama wa mtoto.

Mwezi wa saba, baridi imekaza, aliingia akijishikilia. Hakukohoa. Nikamgusa paji la uso, hana homa. Akaniita Gati, nami nikadhani ni uzee tu. Wang alishika mkono, akarudia, akataka ulimi. Akakunja uso, akauliza mbona ulimi wa bibi huyu wiki zote haumwambii kitu. Nikaungama kwamba ni mimi niliyemwaibisha mpaka akawa anaukwangua. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Akatazama saa akahesabu pumzi: thelathini na mbili kwa dakika. Akasema ni mapafu. Kwa wazee, alisema, nimonia inaweza kuja bila homa wala kikohozi; mtu anachanganyikiwa tu na kuacha kula. Dawa zake za mizizi hazitoshi, aende hospitali leo hii.

Mokami akakataa. "Wodini watauliza ndugu yangu ni nani," akasema. "Niwaambie nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kulazwa kunataka mtu wa kukuogesha na kukuletea uji. Nikampigia Gati simu. Akasema shimo ndiyo kwanza limetema, hawezi kuacha wateja, labda mwezi ujao. Na mimi, kwa haraka yangu ya kijinga, nikamwambia Mokami kwamba Gati anakuja. Nilitaka tu apate nguvu ya kukubali. Akainuka kweli, akaenda zake nyumbani. Mwenye mji anampokeaje mke akiwa hospitali?

Kesho yake asubuhi nilimfuata na bodaboda. Uwanja ulikuwa umefagiwa, moto umewashwa, na yeye amekaa mlangoni na gauni la kanisani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Neno moja alilikata mara mbili ili avute pumzi. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli, kwamba Gati haji na mimi nilimdanganya. Alifumba macho. Sijawahi kujichukia kama asubuhi ile. Nilipomwinua hakupinga tena, alikuwa mwepesi mno.

Wodini nesi akachukua kalamu akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Mokami akageukia ukutani.

"Mke wake," nikasema.

Lafudhi yangu ni ya Kijaluo hata nikikohoa, na nesi alikuwa Mkurya wa Tarime hapo hapo. Alinitazama juu mpaka chini. Mokami akageuka polepole. Alinitazama pia, akili zake zote zikiwa zimerudi, na akajua vizuri kabisa mimi si Gati.

"Nilimtolea," akasema, akatafuta pumzi, "ng'ombe kumi na wawili."

Nesi akaandika. Mokami aliishi siku nne, na mimi sikutoka.