Nilimtolea Mtani Wangu Upepo Mbele ya Watu

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo mapema, maana kuna sehemu ya habari hii ambayo hata mimi nikiikumbuka huwa najionea huruma, nawe msomaji unaweza ukanionea huruma pia. Usifanye hivyo. Soma mpaka mwisho kwanza.

Nipo Singida mjini. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kununua alizeti kwa ajili ya kiwanda kidogo cha kukamua mafuta. Kwetu ni Mgori, lakini nimekulia jirani na Ziwa Kindai, kwa hiyo kuogelea nilijua tangu mdogo. Mama yangu alinichapa sana kwa sababu ya lile ziwa, na haikusaidia.

Rafiki yangu nitamwita Kitundu. Ni Mnyiramba wa Iguguno, fundi wa kuchomelea mageti hapa mjini. Mimi ni Mnyaturu. Kwa msomaji wa mbali, sisi na wenzetu wale ni watani. Mtani anaingia kwako anafunua sufuria bila kukaribishwa. Anakuita mwizi mbele ya wakwe zako, na wakati wa kuondoka anaondoka na kofia yako kichwani. Hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye utakayesemwa na watu.

Lakini utani una adabu zake. Mtani akichukua kitu chako, mwisho wake anakitoa hadharani, watu wanacheka, wewe unakikomboa kwa soda au kwa kujitukana mwenyewe, na mambo yanaisha hapo. Hilo naomba ulishike, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Lilipotoka tangazo la mashindano, waandaaji waliyaita triatloni. Unaogelea Ziwa Singidani, unatoka majini unapanda baiskeli kuelekea barabara ya Iguguno na kurudi, halafu unamalizia kwa miguu kando ya ziwa. Mtaani waliyaita mashindano ya vichaa. Mkazi wa Singida atakayetangulia wenzake angepelekwa kambini Arusha, ajiandae na mashindano ya taifa. Nafasi ilikuwa moja tu. Mimi na Kitundu tulishapita umri wa kuitwa vijana, na kila mmoja alijua kwamba kama si safari hii, basi tena.

Tukakubaliana kama wanaume. Mimi nimfundishe maji, yeye anifundishe baiskeli, na wote tutumie baiskeli zetu za kazini, zile nyeusi nzito za kubebea mizigo. "Tukabanane kwenye mbio za mwisho," alisema. "Anayestahili aende, mwingine ampigie makofi."

Nilimfundisha kweli. Singidani ni maji ya chumvi, yanakunyanyua lakini yanachoma macho, na Kitundu alikuwa mwoga wa maji kuliko paka. Nilikuwa namshika tumbo kama mtoto.

"Mtani, ukinizamisha ndugu zangu watakuja kufagia zizi lenu lote," alikuwa akisema huku meno yanagongana.

"Zizi gani? Si mlishamaliza kutuibia?"

Naye alinifundisha. Singida ni upepo, aliyewahi kupanda baiskeli hapa anajua. Alikuwa anatangulia mbele yangu ananikinga, halafu ananiambia, "Sasa njoo mbele wewe. Inama. Usishindane nao, inama tu upite." Sijawahi kuwa na rafiki wa namna ile, hata shuleni.

Siku ya Jumapili hatukufanya mazoezi. Yeye aliniambia anakwenda kwao Iguguno kusali.

Yakiwa yamekaribia mashindano, nilikwenda Iguguno siku ya Jumapili kupima mzigo wa alizeti. Nilikaa kwa mama mmoja kando ya barabara nikaagiza chai na chapati. Ikapita baiskeli ya bluu, nyembamba, haina hata kelele, na aliyeipanda kainama kabisa. Nilimtambua kwa mgongo. Mgongo wa Kitundu nimeutazama miezi mingi mno kuweza kuusahau.

"Yule si Kitundu?" nilimuuliza yule mama.

"Ndiye. Anaiacha pale kwa dada yake. Kuna bosi mmoja, Kitundu alimtengenezea mageti, naye akamletea hiyo ya mashindano. Anakuja kila Jumapili kuikimbiza." Akanitazama. "Si nawaona mkipita hapa pamoja? Hakukwambia?"

Nilisema ameniambia, nimesahau tu. Chapati ile sikuimaliza. Niliumia, msomaji wangu, sitaki kudanganya. Nilijiona mjinga, mtu aliyemtoa mwenzake uoga wa maji kwa mikono yake miwili huku mwenzake anamchekea. Kila nilichokuwa nacho nilikuwa nimeshampa. Yeye alichokuwa nacho alikificha kwa dada yake.

Kesho yake tulikutana ziwani kama kawaida. Nilimpa nafasi aseme. Nikamuuliza, "Uko tayari?" Akajibu, "Niko tayari, mtani. Baiskeli tu ndiyo naifanyia marekebisho kidogo." Nikangoja. Akavua shati, akaingia majini. Nami sikumuuliza, na hilo ni kosa langu la kwanza. Niliondoka na ile hasira nikailea nyumbani vizuri kama mtoto wa kuku.

Siku yenyewe ikafika. Kitundu akaja pale ziwani anaisukuma ile ya bluu, anacheka mpaka magego yanaonekana. "Mtani! Nimekuotea! Ulidhani Mnyiramba atakuja na mkokoteni kama wako?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Sasa ninapoandika naona kwamba pale alikuwa ametimiza adabu ya utani: alificha, kisha akakitoa hadharani. Yawezekana alipanga hivyo tangu mwanzo, yawezekana ilikuwa tamaa ya nafasi na utani akaupaka juu. Sijui, maana sikuwahi kumuuliza. Siku ile niliona tamaa tu.

Akaniita karibu anionyeshe mambo yake. Vali ya baiskeli ile ni nyembamba, pampu zetu za kawaida haziikubali. Lakini alikuwa na kidude kidogo cha shaba, unakifunga juu ya vali, na pampu yoyote inaingia. Akakitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake. Kwa hiyo sikubahatisha. Nilijua kilipo, na nilijua kazi yake.

Filimbi ikalia, tukaingia majini. Mimi nilitoka wa kwanza, na hilo halikumshangaza mtu. Nilipofika zilipopangwa baiskeli, watu walikuwa wamejaa, wanapiga vigelegele. Ya kwangu na ya Kitundu zilikuwa jirani. Niligeuka nikamwona bado yuko majini, mikono inakwenda sawasawa kama nilivyomwelekeza.

Nikainama kwenye baiskeli yake nikalegeza vali ya mbele. Upepo ukatoka fyuuu. Nikalegeza ya nyuma. Watu wakaangua kicheko, kwa sababu wanatujua. "Mtani huyo! Mnyaturu amemaliza kazi!" Hata msimamizi mwenye filimbi alicheka, akanitishia kwa kidole tu. Kutoleana upepo ni utani wa kila siku hapa kwetu, mtu anapiga pampu, anakutukana, mnaendelea na safari.

Nikaokota kiatu chake kimoja nikakiinua juu watu wakione, kama vile naondoka nacho. Wakazidi kucheka. Kiatu nikakirudisha. Lakini wakati macho yote yako kwenye kiatu, mkono wangu wa pili ulikuwa kwenye mfuko wa begi. Nikavaa soksi na viatu vyangu haraka, kidude nikakitia ndani ya soksi.

Mambo ya upepo wote waliyaona, na mpaka leo wanayasimulia kwa kucheka. La kidude halijui mtu. Hata mke wangu atalijua kwa kulisoma hapa.

Nilikanyaga baiskeli siku ile kama mwendawazimu. Niliinama upepo ukapita. Kidude kilinifinya kwenye kifundo cha mguu njia nzima, na ningeweza kukitoa nikamrushia yeyote aliyesimama barabarani ampelekee Kitundu. Sikufanya. Nikarudi, nikakimbia, nikawa wa kwanza kwa watu wa Singida.

Yaliyotokea nyuma nilisimuliwa. Kitundu alitoka majini akiwa mbele ya wengi, mtu ambaye mwaka uliopita alikuwa haingizi hata kidole ziwani. Akaiona baiskeli imelala chini. Akacheka. Wakamletea pampu ya kwanza, haikuingia. Ya pili, hivyo hivyo. Akaenda kwenye begi, akapapasa, akalikung'uta begi lote chini. Waliokuwa karibu wanasema hapo ndipo alipoacha kucheka, lakini kwa muda mfupi tu. Muuza kuku mmoja akamwazima baiskeli yake, na msimamizi akasema sawa, aende amalize kwa heshima, lakini hatahesabiwa.

Alirudi na baiskeli wa mwisho kabisa, tenga la kuku likiwa bado limefungwa nyuma, akamalizia kwa miguu. Watu walimshangilia kuliko walivyonishangilia mimi. Akaja moja kwa moja nilipokaa, akanikumbatia.

"Umeniweza, mtani," alisema. Alikuwa anatabasamu, maana watu walikuwa wanatutazama, na mtani hakasiriki. Kisha akaniambia taratibu sikioni, "Kile kidude cha shaba hukukiona?"

Jamani. Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeingiza mkono kwenye soksi, nikakiinua juu kama nilivyoinua kiatu, umati ungecheka, angenikimbiza na fimbo, ningemnunulia soda. Ungebaki kuwa utani wa kupitiliza, lakini utani.

Nikasema, "Kidude gani?"

Akanitazama. Akasema, "Basi, labda kimeanguka." Akanipiga bega akaondoka.

Wizi wangu ulianza pale. Kuchukua kitu cha mtani si wizi. Nilikikana nikimtazama machoni, nikijua kwamba utani umemfunga mdomo na hawezi kunigombeza mbele ya watu. Niliitumia desturi ya babu zetu kumnyamazisha rafiki yangu.

Arusha nilikwenda. Kidude nilikitupa kwenye choo cha kambini siku ya kwanza, nikadhani nitapata usingizi. Mwalimu alinisifu majini. Kwenye baiskeli aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuinama vile, akasema mtu huyo anajua kazi. Nikajibu nimejifunza mwenyewe. Sikudumu. Wenzangu walikuwa wadogo kwangu na wepesi kuliko mimi, nikarudishwa kabla ya mashindano yenyewe, nikarudi kupima alizeti. Nafasi niliyomnyang'anya mwenzangu haikunifaa hata mimi.

Niliporudi nilipita kwenye karakana yake. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele, "Wezi wa mageti mpo?" Alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akasema, "Karibu, kaka. Habari za safari?"

Kaka. Hakuwahi kuniita hivyo. Nikakaa, akaniletea kiti cha pili niweke begi, akanijibu kila nilichouliza. Hakunitukana hata mara moja.

Basi mama yangu akafariki. Tulimzika Mgori. Kwetu msibani watani ndio wanaobeba kilio. Wanaiba nyama jikoni, wanaigiza sauti ya marehemu, wanaruka ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka mfiwa atoe kitu. Waliofiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka, na wanaweza kula. Walikuja Wanyiramba wengi, na mmoja alivaa kitenge cha mama akatembea kama yeye alivyokuwa akitembea na goti lake bovu. Hata shangazi zangu walicheka.

Mimi nilikuwa namngoja mmoja tu. Mama alimpenda Kitundu. Alikuwa akimficha mboga akisikia sauti yake, halafu anamwita aje aitafute.

Alikuja. Amevaa shati jeupe, amechomekea. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, akafika kwangu, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. "Pole sana, kaka. Mungu ampumzishe mama." Akaenda kukaa na waombolezaji wa kawaida. Wenzake walimwita kaburini, akatikisa kichwa. Zamu yake ya jembe ilipofika alifukia udongo vizuri, akanawa mikono, akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Shangazi akaniuliza, "Yule mtani wako anaumwa?"

Nikamwambia ana haraka.

Hapo nililia kwa sauti mpaka wakanishika. Wote walijua namlilia mama, na kweli nilikuwa namlilia. Lakini mtu aliyenipa heshima ile ndiye aliyenimaliza. Mgeni ndiye anayeheshimiwa hivyo.

Ninyi mnaosoma, mkiwa na mtani, mtanieni mpaka mchoke. Lakini ukimkasirikia, vua utani uweke pembeni, mwambie wazi, "Umeniumiza, kwa nini umenificha?" Mgombane hata mwezi mzima. Mimi ningegombana na Kitundu kule Iguguno, angenijibu vibaya, ningemjibu vibaya zaidi, na siku ya mama angeruka ndani ya lile kaburi akasema hatoki mpaka nimpe jogoo.

Jogoo nilikuwa nimeshamfunga nyuma ya nyumba, namngojea yeye. Ilipofika jioni nikamfungua.