Sahihisho la Ukurasa wa Tatu

Chumba cha habari kizima kilimwita Mzee Rula, na vijana walioajiriwa juzi walidhani ni utani wa umbo lake, maana jamaa alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka hata akiwa amekaa. Kumbe rula ilikuwa rula kweli, ya mbao, ikichungulia mfukoni mwa shati siku zote. Alikuwa mwandishi wa habari za mahakamani. Kila asubuhi alisimama mbele ya orodha ya kesi iliyobandikwa ubaoni mahakamani, akaweka rula chini ya mstari, akanakili jina na shtaka, akaishusha mstari mmoja. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani, na anayebisha alete ubao wake.

Lakini kilichompa heshima mjini ni jela. Miaka kumi na tisa nyuma alifungwa miezi sita kwa kukashifu, baada ya kuandika kwamba mtunza stoo fulani ameiba dawa za hospitali. Watu wakasema lazima aligusa mkubwa fulani nyuma ya yule mtunza stoo. Siku ya kutoka walimbeba mabegani hadi nyumbani, naye hakuwaambia wamshushe.

Ndipo mwaka huu likaja shirika la nje, kusaidia kubadili sheria ya habari na kuwanoa waandishi katika maadili ya kazi. Mwanasheria wa shirika alikuwa mama wa nchi za mbali, Kiswahili chake kimepigwa pasi hadi hakina mkunjo.

"Mzee wangu," alimwambia mbele ya semina nzima, "Jumanne kamati ya bunge itakusikiliza. Wewe ndiye ushahidi wetu bora. Sheria inayomfunga mwandishi lazima ifutwe."

Makofi yakapigwa. Mzee Rula akaishika rula yake kama mtu anayeogopa itasema.

Maana ukweli, ambao siku hizi mkewe peke yake aliujua, ulikuwa huu. Asubuhi alipoandika habari ile hakuwa na rula. Alikuwa amemwazimisha mwandishi wa michezo achore msimamo wa ligi. Jicho likaruka mstari. Mwizi wa dawa alikuwa juu. Wa chini yake alikuwa mtunza stoo wa shule, aliyeshtakiwa kwa kuendesha baiskeli bila taa. Mzee Rula akachukua shtaka la wa juu akamvika wa chini. Hakumpigia mtu simu kuuliza. Mtunza stoo, mwizi wa dawa. Mbona habari ilikaa vizuri! Ikakaa ukurasa wa tatu, juu kushoto. Wiki hiyohiyo shule ikamfukuza kazi.

"Nikisema, sheria mpya haitapita," alimwambia mkewe. "Watasema kumbe jela ilinifaa."

"Nilipanga foleni ya jela miezi sita, mume wangu," mkewe akajibu huku akikunja nguo. "Watu walikuwa wananipisha, eti mke wa shujaa. Nilishindwa hata kuwatazama usoni. Mke wa yule bwana, yeye nani alimpisha?"

"Basi unataka niumbuke?"

"Umeshaumbuka. Bado kutangaza tu."

Jumanne alisimama mbele ya kamati amevaa koti la harusi ya bintiye. Akaeleza yote, rula, ligi, baiskeli. Mwanasheria wa shirika aliacha kuandika. Mbunge mmoja mnene akacheka hadi miwani ikateleza.

"Kwa hiyo, mzee, ulistahili kufungwa?"

"Nilistahili kumwomba radhi yule mtu, mheshimiwa. Niligundua kosa kesho yake, nikaandika sahihisho. Wakili wa gazeti akalichana. Akasema sheria yenu inahesabu sahihisho kuwa kukiri jinai, mhariri naye atafungwa. Basi nikaenda jela, nikamaliza, nikarudi. Na yule bwana mpaka leo ni mwizi. Miezi yangu sita imemsaidia nini?"

Mbunge akairudisha miwani machoni, akaandika kitu. Mswada, kwa taarifa ya wenye haraka, bado unasomwa.

Lakini mhariri hakusubiri. "Ukurasa wa tatu, juu kushoto," aliamua, "palepale tulipomchafulia jina." Mzee Rula aliliandika sahihisho mwenyewe, akalipima kila neno, akapiga simu tatu kuhakikisha jina.

Alfajiri gazeti lilipotoka alilipeleka kwa mkono. Mtunza stoo alikuwa sasa fundi wa baiskeli, nywele nyeupe, viganja vyeusi kwa grisi. Alimtambua mara moja. Hakumkaribisha kiti.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuletea hili, kaka. Limechelewa."

Fundi akafuta mikono kwenye kitambaa, akalipokea, akalitandaza juu ya tandiko la baiskeli. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika katikati macho yakaruka mstari, akarudi juu, akapotea tena.

"Nipe hiyo," akasema, kidole kikielekea mfukoni mwa mwenzake.

Mzee Rula akampa. Fundi akaiweka rula chini ya jina lake, akalisoma kwa sauti, lote, hadi jina la baba. Kisha akaishusha mstari mmoja, akasoma: hakuiba.

"Mama watoto alifariki mwaka juzi," akasema bila kuinua kichwa. "Laiti angeliona hili."

Fundi akarudi mwanzo, akaanza tena kusoma. Rula hakuirudisha, na Mzee Rula hakuidai.