Krimu ya Kondo la Kondoo

Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa wakati mama alishadhani uzazi umekoma. Siku moja alimpeleka kliniki pale Bariadi, nami nikamsindikiza. Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama mama, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Bibi, mama wa mtoto yuko wapi?"

"Ni mimi," mama alijibu. Wanawake waliokaa kwenye benchi wakainamisha vichwa.

Hakuwa mzee. Ila alikuwa amelima na kuchuma pamba tangu utotoni, na jua lilimchora kwenye paji la uso na pembeni mwa macho.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka tuliyozoea kuyaona na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, na siku za mnada wachuuzi walileta bidhaa kutoka Kenya. Mmoja wao, mwanamke mchangamfu mwenye uso unaong'aa, alimuuzia mama kikopo cha krimu. Alimweleza kuwa imetengenezwa kwa kondo la nyuma la kondoo, na kwamba ndani yake mna uhai mchanga unaoiamsha ngozi iliyochoka.

Baba, ambaye alifuga kondoo maisha yake yote, alicheka hadi akakohoa. "Kondo la kondoo? Si ndilo tunalowaachia mbwa?"

"Umewahi kuona mbwa mwenye makunyanzi?" mama alimjibu, akaendelea kujipaka.

Kusema kweli, mwanzoni krimu ilifanya kazi. Uso ulijaa, ukalainika, na wanakwaya wenzake wakaanza kumuuliza siri yake. Nilimwona akijitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea ndevu, akitabasamu peke yake.

Halafu msimu wa kuchuma pamba ukafika. Baada ya siku chache za jua uso ulianza kuwasha, ukavimba, ukabambuka. Palipobambuka pakabaki mabaka meusi. Mama aliacha kwaya. Alijifunika kitenge hata ndani ya nyumba, na siku za kliniki baba ndiye aliyembeba mtoto, mwanamume pekee kwenye foleni.

Hatimaye baba alimshawishi waende zahanati. Mganga alikigeuzageuza kikopo.

"Kama kuna kondoo humu, sijui," alisema. "Ila si wewe wa kwanza. Dawa za namna hii zinaifanya ngozi iwe nyembamba, jua likiipiga inaungua. Acha kabisa."

"Na makunyanzi yatarudi?"

"Yatarudi, mama."

"Basi yarudi."

Mabaka yalikuwa yameanza kufifia pale yule mchuuzi alipokuja nyumbani. Sisi watoto tulitegemea ugomvi. Alikaa kwenye kigoda, akashusha ushungi, na uso wake ulikuwa umeharibika kuliko wa mama.

"Dada, nilikuwa najipaka mwenyewe," alisema. "Ningejua nisingekuuzia."

Mama akaniagiza maji ya kunawa na ugali wa mgeni. Walikula pamoja, na kesho yake mama akampeleka kwa yule mganga. Yule mchuuzi hakuuza krimu tena. Alihamia kwenye mitumba, na kila alipopita kwetu alilala chumba cha wasichana.